Usiuze Land Rover ya babu kwa kilo

Tuambiane ukweli. Kinachomaliza Land Rover za zamani hapa Bonde la Ufa si kutu. Ni sisi wajukuu. Kutu hula chasisi polepole, na bodi ya alumini haina habari nayo. Mjukuu anayetaka pesa ya simu mpya hamalizi hata asubuhi: anaita dalali wa skrapu, anahesabiwa noti, kwisha.

Tena hiyo alumini ndiyo balaa. Land Rover ilipozinduliwa Amsterdam mwaka 1948, Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha mgao, ndipo bodi ikaundwa kwa aloi ya alumini. Kilichoiokoa na kutu kwenye mvua za Kuresoi ndicho leo kinamfanya dalali aitazame kama sufuria.

Mmoja alifika kwetu Subukia kuitolea macho ya marehemu babu. "Kijana, hii ni vyuma tu." Nikamuuliza, ni ya mwaka gani? Hajui. Ni Series gani? Akacheka. Sasa mtu asiyejua jina la kitu ndiye akupangie bei yake, na bado umwambie asante?

Basi jua mali yako. Haihitaji digrii, mimi chuo niliacha, haya nimeyapata kwa fundi mzee pale Industrial Area. Ubavu ulionyooka wima ni Series I, 1948 hadi 1958. Ubavu uliobinuka kidogo chini ya madirisha ulikuja na Series II, 1958. Taa kubwa zikiwa zimehama kutoka kwenye grili hadi kwenye madigadi, hiyo ni ya mwisho wa miaka ya 60 kuja mbele. Grili ya plastiki, na geji za dashibodi mbele ya dereva badala ya katikati, ni Series III, kuanzia 1971. Lakini milango na madigadi hubadilishwa, kwa hivyo usiamini sura peke yake. Pangusa matope usome namba ya chasisi, uilinganishe na ya logbuku. Zikipishana, malizana na hilo kabla ya kununua hata plagi moja.

Najua kuna mtu tayari anasema, "Si hiyo ni gari ya mkoloni?" Kweli, askari wa Mwingereza walizitumia wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa 1952, na sikuja hapa kumwosha mtu. Lakini pale Njoro tunalipa kiingilio tuzunguke jumba la Lord Egerton, mtu aliyejijengea mwenyewe. Land Rover, mlowezi alipoondoka, ilibeba viazi vya Molo, maziwa, watoto wa shule na mama wajawazito usiku wa mvua. Jumba la bwana tunalitunza. Gari la mkulima tunalikatakata. Hiyo ndiyo kupinga ukoloni?

Halafu kuna nyinyi wa picha. Mei 2024 mamia ya Land Rover zilijaa Nakuru zikiisaka rekodi ya msafara wa magari 632 uliofanyika Ujerumani mwaka 2018. Tulishangilia, tukapiga selfi, tukaposti. Sawa. Lakini huwezi kushangilia ya jirani barabarani huku ya kwenu kuku wanataga ndani.

"Pesa iko wapi?" Swali zuri, ila wengi hulijibu kwa kuwaza rangi na viti vipya. Hayo ni ya mwisho. Anza na chasisi, maana hiyo ni chuma na inaoza: igonge na nyundo ndogo kotekote, usikilize panapolia vibaya. Kisha breki, kwa sababu gari linalowaka bila kusimama ni jeneza. Ndipo uje kwa injini. Toa plagi, tia oili kidogo kwenye silinda, iache ilale, halafu izungushe taratibu kwa hendeli. Usiiburute na trekta eti iwake kwa nguvu. Kama pistoni zimeshikana, utavunja kilichokuwa kizima. Mwaga petroli ya zamani, safisha tangi na kabureta. Hizo kazi zinadai subira kuliko mfuko, na unaweza kuzigawa mwezi kwa mwezi.

Kinachoniuma zaidi ni wale mafundi wazee. Wanajua kupima mwanya wa pointi kwa jicho na kusikia gia mbovu kabla hujashuka. Hawajaandika popote. Kila Land Rover inayokatwa inawanyima kitu cha kufundishia, nasi vijana tusio na kazi tunapoteza ufundi ambao mtu angetulipa.

Kwa hivyo wikendi hii nenda nyuma ya boma, fukuza kuku, soma namba, mwite fundi aiangalie. Baada ya hapo, kama bado unataka kuiuza, iuze tu. Lakini iuze kama gari lenye jina na mwaka wake. Kilo waachie wauza mahindi.