AFYA YA JAMAA: Maji Hayajamwagika Yote

Wahenga walisema kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Methali hiyo ni ya kweli, lakini kando ya kitanda cha mgonjwa wa saratani yaweza kuleta hasara kubwa. Mtu aliyevuta tumbaku miaka arobaini akiambiwa kwamba ana saratani ya koo au ya mapafu, jamaa zake huinamisha vichwa na kusema, "Mwacheni avute, amebakiza nini?" Muuguzi naye, kwa huruma au kwa kutojua la kusema, hunyamaza. Hapo ndipo kosa lilipo, maana maji hayajamwagika yote.

Moshi wa tumbaku hubeba hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, nayo hunyang'anya damu nafasi ya kuchukua oksijeni. Mionzi huua seli za saratani vizuri zaidi mahali penye oksijeni ya kutosha. Ikipungua, tiba nayo hupungua nguvu. Kidonda cha upasuaji huchelewa kufunga, na kifua hushambuliwa upesi na maradhi mengine. Ripoti ya Mganga Mkuu wa Marekani ya mwaka 2014 ilibainisha kwamba mgonjwa wa saratani anayeendelea kuvuta huzidisha hatari ya kufa, na pia hatari ya kupata saratani ya pili.

Chukua mfano wa mzee wa Itaba, katika vilima vya Gitega, askari mstaafu aliyejifunza sigara lindoni. Kwa miaka mingi Burundi haikuwa na mashine ya mionzi. Wagonjwa waliojiweza walivuka mpaka kwenda Nairobi, Kampala, au Taasisi ya Saratani ya Ocean Road mjini Dar es Salaam. Na mwaka 2019 hospitali ya jeshi ya Kanombe, Kigali, nayo ilianza tiba hiyo. Kwa safari kama hiyo ng'ombe huuzwa, na pengine shamba likawekwa rehani. Ikiwa mzee huyo awasha sigara katika kila kituo cha njiani, basi mali ya watoto wake yateketea pamoja na moshi, na hakuna aliyemwambia.

Ndiyo sababu hapana budi watumishi wote wanaomhudumia mgonjwa wa saratani, tangu daktari hadi muuguzi wa zahanati, wafunzwe kazi hii. Mafunzo yenyewe yana hatua tano, mfano wa gwaride: kuuliza, kushauri, kupima utayari, kusaidia na kufuatilia. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2024, limesema ushauri mfupi wa nusu dakika hadi dakika tatu wafaa kutolewa kwa kila mtumiaji wa tumbaku. Hakuna zahanati iliyo maskini kiasi cha kukosa dakika tatu.

Lakini neno lina namna yake. Mgonjwa wa saratani aghalabu amekwisha kujihukumu mwenyewe. Akikaripiwa, kesho atajibu kwamba ameacha, kumbe anavutia nyuma ya nyumba. Muuguzi aliyefunzwa huanza kwa upole: "Mzee, je, bado watumia tumbaku, iwe sigara, kiko au ugoro?" Kisha humweleza faida atakayoipata katika tiba yake, wakapanga pamoja siku ya kuacha. Humwonya pia kwamba siku za kwanza ni ngumu: hasira, kukosa usingizi, na hamu kali. Hamu hiyo huja kama wimbi, na baada ya dakika chache hupita. Dawa za kusaidia zipo: bandiko na ubani wa nikotini viliingizwa katika orodha ya Shirika hilo ya dawa muhimu mwaka 2009, na vidonge vikaongezwa mwaka 2021. Mgonjwa akianguka, hakemewi, bali huanza upya.

Jamaa za askari na polisi wana sababu ya pekee ya kulifikiri jambo hili. Katika vita vya karne iliyopita sigara iligawiwa pamoja na chakula. Jeshi la Marekani liliendelea kuiweka ndani ya posho hadi mwaka 1975. Wengi hawakuichagua tabia hiyo, waliikuta kambini. Basi asilaumiwe mzee peke yake.

Mke, watoto na jirani nao wana sehemu yao. Waondoe kiberiti na kisahani cha majivu sebuleni, wasimtume mtoto dukani kununua sigara, wala kijana asivute mbele ya mgonjwa. Na siku ya kwenda hospitali, muuguzi asipouliza habari ya tumbaku, jamaa na waulize wao. Swali hilo halina ada, nalo laweza kuokoa thamani ya ng'ombe aliyeuzwa, na uhai wa yule aliyeuziwa.