Uvimbe Ambao Wanaume Wanauficha

Ndugu msomaji, na wewe mama unayefungua ukurasa huu kabla ya bwana yako, mwezi huu tutasema wazi juu ya jambo ambalo kanisani halitajwi na kwenye machimbo linachekwa: uvimbe wa korodani. Usione haya. Haya ndiyo inayowachelewesha wagonjwa wengi hadi siku ambayo msaada umekuwa mgumu.

Kule Misisi, kule Kamituga, na hapa Uvira kando ya ziwa, kijana akiona korodani moja imekuwa kubwa atasema nini? "Ni mushipa tu, itarudi." Mwingine atasema alibeba mufuko wa mawe muzito. Mwingine atasema amerogwa ju ya dhahabu aliyopata. Mwezi wa kwanza unapita, wa pili unapita, na feza zinaishia kwa mtu wa miti-shamba. Basi tuulize: uvimbe huo ni mpole, au ni kanseri? Na nani anaweza kujibu?

MWINGI NI MPOLE

Tuanze na neno la kutuliza moyo. Uvimbe mwingi ndani ya mfuko wa korodani si kanseri. Mara nyingi ni maji yaliyojaa kuzunguka korodani, ndiyo busha. Au ni utumbo ulioshuka, ndiyo ngiri, na wabeba mizigo wanaijua. Au ni mishipa ya damu iliyopanuka, au kifuko kidogo cha maji nyuma ya korodani. Au ni ugonjwa wa kuambukizwa: ule wa zinaa, hata kifua kikuu.

Kulikuwa na daktari mpasuaji, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, mwenye jicho moja tu kwani la pili lilipotea alipokuwa mtoto. Mwaka 1946 alifika Uganda, akawekwa Lira. Akawaangalia wanaume wenye busha, akaona kwamba ni wengi upande wa mashariki wa wilaya ile na wachache sana upande wa magharibi. Hakuridhika kusema "ndivyo ilivyo". Akauliza wanatoka wapi. Leo tunajua kwamba sehemu nyingi za Afrika busha linatokana na minyoo midogo ya filaria inayoletwa na mbu. Si uchawi.

Wewe mchimbaji una tochi ya kichwani. Katika chumba chenye giza, mganga anaweza kuiweka nyuma ya uvimbe. Kama mwanga unapita na uvimbe unawaka mwekundu kama taa, ndani mna maji. Kama mwanga unazuiliwa, kuna kitu kigumu, au damu, au utumbo. Lakini jihadhari: mara nyingine korodani yenye kanseri nayo huzungukwa na maji. Kwa hiyo tochi inaanza kazi, haiimalizi. Ekografia, ile mashine wamama wanayopitia wakiwa na mimba, inaonyesha vizuri zaidi kama uvimbe uko ndani ya korodani yenyewe au uko nje yake.

ULE MGUMU WA NDANI

Tofauti hiyo ya ndani na nje ni kubwa. Uvimbe ulio nje ya korodani kwa kawaida ni mpole. Lakini kwa mtu mzima, uvimbe mgumu unaoshikika ndani ya korodani yenyewe mara nyingi zaidi ni kanseri. Unawapata hasa wanaume wa miaka 15 hadi 40, ndio umri wa wachimbaji wetu. Na mara nyingi hauumi. Kutouma si alama ya upole, ndugu. Watu wanakimbilia hospitali kwa busha linalowachosha kutembea, na yule mwenye jiwe dogo lisilouma anabaki nyumbani.

Kweli, kanseri hii ni chache kwa watu weusi kuliko kwa watu wa Denmark na Norway, ambako ni nyingi kupita mahali pengi pa dunia. Lakini uchache huo ndio mtego: kwa kuwa wengi wana maji au ngiri, yule mmoja anafichwa katikati yao.

MPIMAJI ANAONA NINI?

Ninyi wa machimbo munalijua lile jiwe la manjano linalodanganya wageni. Mnunuzi haamini macho, anapima. Vivyo hivyo mkono wa mganga unaweza kushuku, lakini anayetoa hukumu ni daktari wa kupima nyama za mwili kwa mikroskopi.

Daktari huyu anapokea korodani nzima iliyotolewa. Anaipima ukubwa, anaipasua, anaangalia rangi, mipaka, sehemu zilizokufa, sehemu zenye damu. Kisha anachukua vipande, anavigandisha ndani ya nta, anakata visahani vyembamba kuliko unywele, anavipaka rangi ya zambarau na ya waridi. Ndipo anauliza chembe za uvimbe maswali: Munafanana na chembe za mahali mulipozaliwa? Munazaana kwa haraka? Mumekaa ndani ya mipaka yenu, au mumeingia katika mishipa ya damu? Mfano ni uvimbe wa chembe zinazotengeneza homoni za kiume. Karibu 9 kati ya 10 ni mpole. Ule wa kumi anautambua kwa alama kama hizi: ni mkubwa kupita sentimeta 5, una sehemu zilizokufa, chembe zake zinagawanyika sana, umevamia majirani.

Kuna mmoja unaoshangaza. Unaitwa teratoma, na ndani yake unaweza kukuta gegedu, nywele, hata jino. Kwa mtoto mdogo, teratoma safi ya korodani ni mpole. Kwa mwanaume aliyebalehe, uvimbe unaofanana nao kabisa unaweza kusambaa na kuua. Mpimaji anawatenganishaje? Anaangalia majirani: vile vijifereji vya mbegu vilivyobaki kandokando. Kwa kawaida, kanseri ya mtu mzima inaacha humo chembe mbovu. Ule mpole hauachi. Na anaangalia umri ulioandikwa kwenye karatasi. Kwa sababu hiyo, kijana, usidanganye miaka yako hospitalini kama unavyoidanganya kwenye shimo.

Burkitt naye alijifunza kutoa kazi kwa mikroskopi. Alipokuwa Mulago, Kampala, mwaka 1957 alionyeshwa mtoto mwenye uvimbe wa taya. Watoto wengine walikuwa na uvimbe tumboni, katika figo au katika viungo vya uzazi. Kwa macho ilionekana ni magonjwa mbalimbali. Wapimaji wa kulekule Kampala, kati yao Jack Davies na Gregory O'Conor, walipoangalia nyama yake wakaona ni kanseri ya namna moja. Kujua jina lake kulifungua njia ya dawa, na watoto wengi wakapona.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Jishike mwenyewe mara moja kwa mwezi, baada ya kuoga maji ya moto. Korodani moja kuwa kubwa kidogo au kuning'inia zaidi si ugonjwa. Tafuta kilicho kigumu au kipya.

2. Ukikiona, usingoje zaidi ya majuma mawili. Nenda kituo cha afya, uombe upelekwe kwenye ekografia.

3. Kama inashukiwa kanseri, usikubali kuchomwa sindano wala kupasuliwa kupitia ngozi ya mfuko. Inaweza kutawanya ugonjwa. Daktari mpasuaji hupitia kwenye kinena na kutoa korodani nzima.

4. Kabla ya kupasuliwa, uliza kama damu inaweza kupimwa. Kanseri nyingine za korodani hutoa ndani ya damu alama zinazosaidia kuzitambua, moja yao ni homoni ile ile ya mimba.

5. Kilichotolewa kisitupwe. Wapimaji ni wachache katika nchi yetu, lakini kipande kinaweza kusafiri bila mgonjwa. Kiwekwe katika formoli iliyo mara kumi ya ukubwa wake, si katika maji wala pombe. Jamaa, ulizeni: "Kimetumwa wapi, na jibu litarudi lini?" Tena ulizeni kabla ya kupasuliwa.

6. Mama, angalia mtoto wako wa kiume. Kama korodani haijashuka akifika miezi sita, mpeleke. Kuirekebisha mapema kunapunguza hatari ya kanseri baadaye.

Mwisho, neno kwa yule anayeogopa kisu. Korodani moja ikitolewa, ile nyingine nzima mara nyingi inatosha kwa nguvu za kiume na kwa kuzaa. Na kanseri hii ni mojawapo ya zile zinazopona vizuri zaidi. Mwaka 1974, kule Indiana, Marekani, daktari Lawrence Einhorn alianza kuitibu kwa dawa iitwayo sisiplatini pamoja na dawa nyingine. Zamani waliosambaa ugonjwa walikuwa karibu wote wanakufa. Leo, wakipata dawa hizo, karibu 80 kati ya 100 wanapona. Wanaofika mapema, zaidi ya 95.

Lakini hesabu hizo ni za waliotibiwa. Aliyejificha hahesabiwi humo. Kama wewe unasoma haya na unajua unachokificha, mwambie mtu mmoja leo jioni: mke wako, ndugu yako, au muuguzi wa kituo. Kesho asubuhi shimo litakungoja, uvimbe hautakungoja.