Maji ya Rangwe si Zawadi ya Mheshimiwa

Mwaka 1974 Serikali ya Kenya ilizindua Mpango Mkuu wa Maji wa Taifa na kuwaahidi wananchi kwamba ifikapo mwaka 2000 kila kaya ingepata maji safi karibu na nyumbani. Watoto waliozaliwa mwaka huo wa ahadi leo wana wajukuu. Kifungu cha 2A kilifutwa Desemba 1991, vyama vingi vikarudi, na Katiba mpya ikatangazwa Agosti 2010. Hata hivyo, katika vijiji vya Kagan, Kochia na Gem zote mbili, bado wapo akina mama wanaoamka kabla ya jogoo kuwika, mtungi wa plastiki kichwani, kwenda kuteka maji ambayo ng'ombe watayanywa baada yao.

Tulipopigania haki ya kuchagua, wengi wetu tuliamini kwamba bomba lingefuata kura. Badala yake tulijifunza desturi nyingine: kila msimu wa kampeni huchimbwa kisima, ngoma hupigwa, Mheshimiwa hunywa bilauri moja mbele ya wapiga picha, na pampu ikiharibika husubiri uchaguzi ujao.

Wakati huo wote maradhi hayasubiri. Mwaka 1997 kipindupindu kiliingia Nyanza, na watafiti wakakihusisha na kunywa maji ya Ziwa Victoria yasiyotibiwa. Mapema mwaka 2015 Homa Bay na Migori zilikuwa miongoni mwa kaunti za kwanza kuvamiwa tena. Kwa sababu hiyo hatukubaliani na wale ndugu zetu katika harakati wasemao kwamba kumfundisha mwananchi kutibu maji nyumbani ni kuisamehe serikali deni lake. Mtoto anayeharisha leo hawezi kungoja bomba la miaka kumi ijayo.

Njia za kumlinda zipo, na si ghali. Maji yenye tope huachwa yatulie kwanza, kisha huchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa, kwa kuwa klorini hupoteza nguvu katika tope. Baada ya hapo hutiwa dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa nusu saa. Asiye na dawa na aweke maji angavu katika chupa nyeupe za plastiki zisizozidi lita mbili, azilaze juani kwa saa sita, au siku mbili mawingu yakitanda. Kichujio cha mchanga nacho ni kizuri, ila huhitaji wiki mbili tatu kabla ya utando wake wa juu kukomaa, na anayekiacha kikauke huanza upya. Kuchemsha kunafaa sana, lakini atakayehubiri kuchemsha kwanza aulize bei ya kuni.

Hapa kwetu tunayo hata historia ya kujivunia. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, shirika la CARE Kenya lilileta klorini katika vijiji vya Homa Bay pamoja na dapi iliyobadilishwa: chungu kile kile cha akina mama wafinyanzi wetu, lakini chenye mdomo mwembamba, kifuniko na bomba, ili mkono wala kikombe kisizame ndani. Watu wanapenda maji ya chungu kwa kuwa ni baridi. Mradi uliiheshimu ladha hiyo badala ya kuwalazimisha wahamie plastiki. Baada ya miezi sita takriban theluthi moja ya kaya zilikuwa zikitumia dawa. Hayo yalikuwa mafanikio. Lakini theluthi mbili nazo?

Jibu lilipatikana jirani zetu Busia, na tunaomba kila mwanaharakati alitie moyoni. Huko mwanauchumi Michael Kremer, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2019, na wenzake walichunguza mambo mawili. Kwanza, chemchemi zilipojengewa, vijidudu vya kinyesi penye chemchemi vilipungua kwa takriban theluthi mbili; ndani ya nyumba, baada ya maji kubebwa na kuhifadhiwa, upungufu ulikuwa kama robo tu. Maana yake ni kwamba ukuta wa saruji peke yake hautoshi. Safari ya kutoka chemchemini hadi kikombeni huchafua tena. Pili, klorini ilipouzwa dukani, hata kwa bei ndogo, ni chini ya kaya moja katika kumi iliyoitumia. Ilipowekwa bure katika tangi dogo kando ya chemchemi, mama akafungua koki akatia kipimo mtungini kisha akateka, zaidi ya nusu ya kaya ziliitumia. Maji ni yale yale na watu ni wale wale. Kilichoondolewa ni bei na mwendo wa kwenda dukani.

Basi anayesema kwamba watu wa mashinani hawathamini usafi na afunge mdomo wake. Swali halisi ni hili: tangi likiisha, nani hulijaza? Mfadhili hujaza kwa miaka mitatu, kisha huandika ripoti na kuondoka. Mheshimiwa hujaza mwezi mmoja kabla ya kura. Klorini yenyewe ni rahisi. Gharama kubwa ni pikipiki ya kuifikisha na mtu wa kuangalia matangi kila mwezi. Kazi ya namna hiyo, isiyo na utepe wa kukata, ndiyo kazi ya serikali.

Na sheria iko upande wetu. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha. Jedwali la Nne limeziachia kaunti huduma za maji. Sheria ya Maji ya mwaka 2016 inaitaka kaunti iweke mipango ya kufikisha maji mashambani hata pale ambapo biashara ya maji haina faida. Kwa hiyo atakayetujibu kwamba vijiji vyetu havilipi, amekwisha kujibiwa na Bunge.

Makanisa nayo yasijifiche nyuma ya maombi. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya mabati ni lita moja. Paa la kanisa la mita 200 za mraba, mwezi wa mvua ya milimita 100, hupokea lita 20,000. Hata moja ya tano ikipotea, hubaki mitungi 800 ya lita 20. Ni paa ngapi za kanisa katika Rangwe zinazomwaga maji hayo kwenye matope ya uwanja wetu wenyewe? Mfereji, tangi na mlinzi wa kumwaga maji ya kwanza yenye kinyesi cha ndege: hiyo ni harambee ya miezi michache, na haihitaji mgeni wa heshima.

Kila mwaka makadirio ya bajeti ya kaunti hupaswa kufika katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na wananchi wana haki ya kusikilizwa. Kila parokia na kila kikundi cha akina mama kichague watu wawili kabla ya hapo. Waandike orodha ya chemchemi, visima na vidimbwi vya wadi yao, kila kimoja kwa jina lake na idadi ya kaya zinazokitegemea, kisha waende nayo kwenye kikao. Wakifika, waulize ni ukurasa gani wenye fedha za klorini, za pikipiki na za fundi wa pampu. Jibu likiwa hakuna, wamwombe karani aliandike hilo kwenye kumbukumbu, na watuletee nakala.