Chema Chajiuza, Kibaya Chajitembeza

Wahenga walinena kwamba chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ajabu ni kwamba hata marashi, ambayo harufu yake ingetosha kuyauza, hutembezwa kwa miili ya wanawake.

Mwaka 2000 nchini Uingereza, mabango ya marashi ya Opium, ya kampuni ya Yves Saint Laurent, yalimwonyesha mwanamitindo Sophie Dahl amelala chali, uchi. Mamlaka ya Viwango vya Matangazo ilipokea malalamiko 948, ikaamuru mabango yaondolewe. Hata hivyo, picha iyo hiyo iliruhusiwa majaridani, ambako ni wachache mno walioilalamikia.

Wako watakaouliza: chafu ya barabarani yawaje safi jaridani? Jibu ni kwamba jarida hununuliwa na alitakaye, na asiyelitaka hulifunga. Bango halifungiki. Mtoto aendaye shule hulitazama apende asipende, na mzazi wake hakuombwa idhini.

Yasemwa pia kwamba marufuku hulizidishia tangazo umaarufu. Huenda ni kweli, lakini kunyamaza nako ni kuridhia.

Basi, walimu, msiwafunze wanafunzi kufumba macho tu. Wafunzeni kuuliza: ni nini kinachouzwa hapa, na mwili huu una uhusiano gani nacho? Wakikosa jibu, na waandike barua ya malalamiko yenye hoja na adabu. Malalamiko 948 yaliteremsha mabango ya tajiri. Yetu yatashindwaje?