Kupanua Kiti ni Kazi ya Kiwandani

Usiku wa tarehe 24 Machi 2022, kijana wa miaka 14 kutoka Missouri aliketi kwenye mnara wa kudondoka uitwao Orlando FreeFall, katika bustani ya burudani ya ICON Park, jimboni Florida. Mnara ulikuwa na urefu wa mita 131 hivi na ulikuwa umefanya kazi kwa muda wa miezi mitatu tu. Kishikizo cha mabegani kilishuka hadi kifuani mwake, taa ya kuonyesha kwamba kiti kimefungwa ikawaka, na mtambo ukaruhusu safari. Viti vilipandishwa hadi juu, vikaachiwa. Breki ziliposhika karibu na chini, kijana akachomoka kupitia upenyo uliobaki kati ya kishikizo na kiti, akaanguka na kufariki.

Mwongozo wa kampuni iliyotengeneza mnara huo, Funtime ya Austria, ulitaja kilo 130 kuwa ukomo wa mpandaji. Kijana yule alikuwa na zaidi ya kilo 170. Wengi waliosikia habari hiyo waliishia hapo: alikuwa mnene mno, asingepanda. Lakini wataalamu waliopewa uchunguzi na jimbo la Florida walikikagua kiti chenyewe, wakakuta zaidi ya hayo. Vihisi vya viti viwili vilikuwa vimerekebishwa kwa mkono. Kwenye kiti alichokalia, kishikizo kiliweza kubaki wazi karibu mara mbili ya ilivyo kwenye viti vingine, na bado mtambo ukahesabu kwamba kimefungwa. Taa iliwaka kwa sababu ilikuwa imeelekezwa iwake. Jimbo likamtoza mwendeshaji faini ya dola 250,000, mnara ukabomolewa mwaka 2023, na Desemba 2024 jopo la raia lililosikiliza kesi ya wazazi likaamua mtengenezaji awalipe dola milioni 310.

Mjadala kuhusu vishikizo vya michezo ya kasi na watu wenye miili mikubwa huwa na kelele za aina mbili. Wapo wanaosema mtu mnene akae pembeni, ajilaumu mwenyewe. Na wapo wanaosema kila anayelipa tiketi ana haki ya kupanda, na kumkataa ni kumdhalilisha. Kisa cha Orlando kinawakosoa wote. Viti viwili vilipanuliwa, watu wakubwa wakapata nafasi, na mtoto akafa. Ninaamini kwa dhati kwamba viti vipanuliwe. Lakini vipanuliwe na wahandisi wanaovibuni, wakiwa na hesabu na majaribio mezani, wala si na mtu mwenye spana kwenye kituo cha kupandia.

Ili kuona kwa nini nasisitiza hilo, tuangalie chuma cha kumshika mpandaji kinavyofanya kazi. Rola kosta ya kisasa, yaani treni ya burudani ya kupaa na kudondoka, humwinua mtu kitini. Treni inapovuka kilele kwa kasi, mwili hutaka kuendelea juu huku kiti kikishuka, na kwa sekunde moja au mbili kinachombakiza mtu kwenye treni ni chuma kilicholala mapajani. Wapenzi wa michezo hii husafiri mbali kuifuata hali hiyo ya kuelea. Chuma hicho hufanya kazi yake vizuri kikikaa pale paja linapokutana na nyonga, kwa sababu chini ya ngozi ya hapo kuna mfupa, na mfupa haubonyei.

Kwa mtu mwenye tumbo kubwa, chuma hukutana na tumbo kwanza. Mhudumu anakisukuma, meno ya kufungia yanalia mara moja au mbili, taa inawaka. Ukitazama kwa juu utasema kimefunga. Ukiinama utazame kwa pembeni, utaona nafasi kati ya chuma na mapaja. Treni ikipaa, nyama laini hubonyea na kusogea, na nafasi iliyokuwa ndogo kituoni huwa kubwa kule juu. Chuma hakijasogea hata kidogo, aliyesogea ni mtu. Ndani ya daladala kondakta akisema sogeeni, hicho ni kiti cha watu wanne, tunabanana, tunafika. Kubanana kwa namna hiyo kwenye rola kosta hakumshiki mtu, hata kama anahisi amebanwa mpaka pumzi inakata.

Haya yamejulikana muda mrefu. Mwaka 2001, mwanamke alichomoka kutoka kwenye mashua ya Perilous Plunge katika bustani ya Knott's Berry Farm, California, na wachunguzi wakaona kwamba mkanda na chuma havikuushika mwili wake ipasavyo. Mei 2004, mwanamume alianguka kutoka rola kosta ya Superman: Ride of Steel huko Massachusetts, na uchunguzi ukagusa jambo lile lile: chuma hakikufika mapajani kwa sababu ya ukubwa wa tumbo, na wahudumu hawakuhakikisha. Julai 2013, mwanamke alianguka kutoka rola kosta ya Texas Giant katika bustani ya Six Flags Over Texas mjini Arlington. Wote watatu walifariki. Mashahidi walisimulia kwamba kabla treni ya Texas Giant haijaondoka mwanamke huyo alikuwa na wasiwasi kama chuma chake kimeshika sawasawa.

Bustani hiyo ilipoifungua tena Texas Giant mwezi Septemba mwaka huo, ilikuwa imebadilisha pedi za chuma cha mapajani, imeongeza mikanda, na imeweka kiti cha majaribio kwenye lango la kuingilia. Mambo hayo matatu hayakuhitaji uvumbuzi wowote mpya. Mikanda ilikuwepo duniani, na kiti cha majaribio ni kiti tu. Ni vigumu kuyasoma bila kuuliza kwa nini yalingoja msiba.

Kilo zenyewe hazisemi mengi, na hapa ndipo wanaobeza watu wanene wanapokosea zaidi. Watu wawili wenye kilo 110 wanaweza kufika kwenye kiti kimoja, mmoja akafungwa bila taabu, mwingine akarudishwa. Mwenye kifua kipana cha mazoezi hukataliwa na kishikizo cha mabegani, na mwanamke mwenye matiti makubwa vivyo hivyo. Treni za kampuni ya Rocky Mountain Construction zina kizuizi kinachokaa kwenye miundi, na kuna watu wenye tumbo la kawaida ambao miguu yao ndiyo inayowakwamisha. Halafu kuna treni za zamani zenye chuma kimoja kwa watu wawili. Baba akikaa na mwanawe mwembamba, chuma husimama kwenye tumbo la baba, na mtoto hubaki na nafasi ya kutosha kuinuka. Hapo aliye hatarini ni mdogo. Kwa hiyo tunapozungumzia vishikizo tunazungumzia umbo la kila mpandaji, na ndiyo maana watengenezaji wengi siku hizi humpa kila mtu chuma chake.

Kupo pia kukataliwa ambako hakutokani na kasi. Februari 2023, bustani ya Universal Studios Hollywood ilifungua mchezo wa Mario Kart: Bowser's Challenge, na tangazo lake likasema mtu mwenye kiuno cha inchi 40, yaani sentimita 102 hivi, au zaidi, huenda asiweze kupanda. Takwimu za afya za serikali ya Marekani za miaka ya 2015 hadi 2018 zinaonyesha kwamba kiuno cha wastani cha mwanamume mzima nchini humo ni inchi 40 na nusu. Mwanamume wa kawaida kabisa, si mnene kuliko jirani yake, anaweza kukuta kiti hakimtoshi. Na mchezo huo huenda polepole ndani ya jengo, watoto wakivaa miwani na kucheza na picha. Hakuna nguvu ya kumrusha mtu hapo inayoweza kueleza ubanifu wa namna ile. Mtu alichora kiti, akachagua vipimo, na vipimo hivyo vikawatoa nje mamilioni ya watu wa nchi yake mwenyewe.

Ninatenganisha mambo haya mawili kwa makusudi. Kwenye rola kosta inayopaa na kudondoka, ukomo wa kishikizo ni mstari wa uhai, na mhudumu anayemwambia mtu hapana anamtendea wema mkubwa. Kwenye mchezo wa polepole, ukomo mkali ni uzembe wa wabunifu. Kanuni za sheria ya Marekani inayowalinda watu wenye ulemavu zina kipimo kizuri kwa suala hili, ingawa hazikuandikwa kwa ajili ya unene: masharti ya usalama yatokane na hatari halisi, yasitokane na kubahatisha wala dhana kuhusu watu. Jiji la New York, ambako rola kosta ya mbao ya Cyclone imekuwa ikizunguka huko Coney Island tangu 1927, lilipitisha mwaka 2023 sheria inayokataza kumbagua mtu kwa uzito au kimo katika ajira, makazi na huduma za umma. Sidhani kuna mpandaji mwenye akili timamu anayetaka sheria kama hiyo imlazimishe mhudumu kufunga chuma kisichofika. Lakini ingefaa imlazimishe mwenye bustani kueleza, kwa kila kiti, ukomo wake unalinda nini.

Aibu ya kukataliwa ni halisi, na inatengenezwa na mpangilio zaidi ya kiti. Mtu amesimama kwenye foleni saa moja na nusu juani, ameketi na watoto wake, wahudumu wawili wanakisukuma chuma kwa mikono, treni nzima inangoja, watu mia moja wanatazama. Kisha anaambiwa ashuke. Anavuka jukwaa peke yake kuelekea mlango wa kutokea, na watoto wanaondoka bila yeye au wanashuka naye wakilia. Kinachotisha kuliko aibu ni shinikizo linalozaliwa pale. Mhudumu huyo mara nyingi ni kijana wa kazi ya msimu wa kiangazi, anadaiwa treni ziondoke kwa wakati, na anamwonea huruma mzazi aliyekaa mbele yake. Kusukuma mara moja zaidi mpaka taa iwake kunakuwa njia rahisi ya kuwaridhisha wote. Uamuzi wa uhai haupaswi kungojea dakika hiyo.

Unaweza kufanywa mapema zaidi. Universal ya Orlando ilipofungua mchezo wa Harry Potter and the Forbidden Journey mwaka 2010, malalamiko ya watu waliokataliwa yalikuwa mengi, na kampuni ikabadilisha baadhi ya viti vya pembeni ili vipokee miili mikubwa zaidi. Viti vya majaribio viko nje ya lango. Hapo kazi ilifanywa na wahandisi, kiti kikabadilishwa umbo, na wahudumu wakaambiwa ni viti vipi. Baadhi ya treni nyingine nazo zina safu chache zenye nafasi kubwa, ila mara nyingi lazima uwe mdadisi ili ujue zipo.

Kwa familia za Waswahili zinazoishi Ohio au zinazotoka Muscat kwenda Abu Dhabi kupanda rola kosta ya Formula Rossa, ambayo hufikia kilomita 240 kwa saa, hili ni jambo la kufanyia kazi kabla ya kununua tiketi. Pima kiuno na kifua kwa utepe wa fundi cherehani. Soma vipimo kwenye tovuti ya bustani. Tafuta kiti cha majaribio na uulize kuhusu safu zenye nafasi. Ukishaketi, sukuma makalio hadi nyuma kabisa kabla chuma hakijashuka, na uone kwa macho yako kama kimegusa mapaja. Kama hakijagusa, sema kwa sauti, hata kama taa inawaka na hata kama mhudumu amekwisha kukuonyesha dole gumba.

Lakini mpandaji asiachiwe mzigo wote. Marekani haina mkaguzi mmoja wa taifa kwa bustani za kudumu. Mwaka 1981 tume ya shirikisho inayosimamia usalama wa bidhaa iliondolewa mamlaka juu ya bustani hizo, na usimamizi ukabaki kwa kila jimbo. Florida yenyewe huziruhusu bustani kubwa, zenye wafanyakazi zaidi ya 1,000 na wakaguzi wao wenyewe, zijikague. Sheria iliyotiwa saini huko mwaka 2023 baada ya kifo cha Orlando ilikaza masharti ya ukaguzi na mafunzo, na hilo ni jema, ila linaishia mpakani mwa jimbo.

Wenye bustani hujibu kwamba michezo hii ni salama mno, na chama chao cha kimataifa, IAAPA, hutaja hatari ya jeraha kubwa kuwa moja kwa kila safari milioni 15 na nusu. Nakubali kwamba ajali ni chache. Ila wastani huo unajumlisha watu wote, na vifo nilivyovitaja havikumpata mtu yeyote tu. Vimerudi kwa watu wa umbo fulani, kupitia upenyo wa aina moja, kwa zaidi ya miaka 20. Kuhusu gharama, kiti cha majaribio na bango la vipimo ni fedha ndogo mno kwa kampuni inayojenga rola kosta ya mamilioni ya dola, na safu mbili za viti vipana ni nafuu zikichorwa mwanzoni kuliko kubadilishwa baadaye.

Pa kuanzia pako wazi. Viwango vya ubunifu wa mitambo hii Marekani huandikwa na kamati ya F24 ya shirika la ASTM, iliyoundwa mwaka 1978, na majimbo mengi huvitumia katika sheria zao. Ndani ya kiwango cha F2291 tayari kuna ngazi tano za vishikizo kulingana na nguvu zinazomkabili mpandaji. Kamati iongeze humo kwamba kila mtengenezaji ataje vipimo vya kiuno, kifua na paja ambavyo kiti chake kimejaribiwa kuvishika, pamoja na kilo. Bustani ibandike vipimo hivyo langoni penye kiti cha kujaribia. Na kihisi cha kishikizo kifungwe kwa namna ambayo hakuna awezaye kukirekebisha bila idhini ya maandishi ya aliyekibuni, na idhini hiyo ipelekwe kwa mkaguzi wa jimbo kabla kiti hakijapokea mtu.