Tuichore Ruvubu, Kilima kwa Kilima

Ndugu zangu wa Mutoyi, wa Bugendana na Gitega yote, nanyi jamaa zetu wa Muyinga, mto Ruvubu ni wetu sote. Unaanzia Kayanza, unapita Gitega, unashika njia ya Karuzi hadi Muyinga, kisha unavuka mpaka na kukutana na Nyabarongo karibu na maporomoko ya Rusumo. Mvua za Septemba zikianza, maji yake huiva rangi ya tofali. Yale si maji tu, ni mashamba yetu yanayoondoka. Udongo unaotuponyoka leo unaziba mabonde ya mpunga ya jirani kesho, na uliobaki unateremka hadi Rusumo, kwenye mitambo ya umeme ya megawati 80 ambayo Burundi inagawana na Rwanda na Tanzania.

Jumamosi tunatoka na majembe. Tunachimba mitaro ya kuzuia mmomonyoko, tunapanda majani ya ng'ombe kwenye kingo zake, tunaotesha miti ya grevilea. Kazi hiyo ni njema na iendelee. Ila kila kilima kinaifanya kivyake. Walio juu wakiacha korongo wazi, walio chini watachimba mitaro itakayofukiwa na mvua ya kwanza. Muyinga hawana habari ya tulichofanya Mutoyi, na sisi hatujui Karuzi walijaribu nini kikawashinda.

Ninachowaomba ni kuitia ikibiri yetu, yaani kazi hii ya kusaidiana, ndani ya simu. Tuchore ramani moja ya vilima vyote vinavyomwaga maji Ruvubu, tuichore wenyewe, na kila mtu aweze kuiona bila kulipa.

Jambo hili limeshafanyika kwa jirani. Mwaka 2015 jijini Dar es Salaam, mradi wa Ramani Huria uliwachukua wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi na wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakapita mitaani pamoja na wakazi. Walichora mifereji, vichochoro, madaraja na nyumba, wakaviweka kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia ambayo yeyote anaweza kuiongezea. Mkazi wa bondeni ndiye aliyejua mafuriko yalifika dirisha gani na mfereji upi huziba kwanza. Ujuzi huo ulikuwa vichwani mwa watu tangu zamani. Ulipowekwa kwenye ramani, wapangaji wa mji waliweza kuutumia. Mwaka huohuo kazi ya Crowd2Map ilianza Tanzania: watu walioko mbali wanafuatisha barabara na nyumba kwenye picha za setilaiti, wenyeji wanatia majina. Huko Serengeti, ramani hizo zimewasaidia wanaookoa wasichana wasikeketwe kuvifikia vijiji usiku.

Najua mtaniuliza, wangapi kwetu wana simu za kisasa? Wachache. Kilima kimoja kinahitaji simu moja tu. Ramani inaweza kuchapishwa kwenye karatasi, wazee wakaijaza kwa kalamu, kijana akaipiga picha na kuituma atakapopata mtandao. Watoto wetu walioko Bujumbura, Brussels au Ottawa, wenye kompyuta na intaneti ya kutosha, wafuatishe mito na njia kutoka kwenye picha za angani. Sisi tulio hapa tuwaambie kipi ni kijito cha kudumu na kipi hukauka Julai. Hata majina yanatungoja. Mwaka 2025 mikoa 18 ya Burundi ilifanywa 5 na tarafa 119 zikawa 42. Karuzi imeingia Gitega, Muyinga imo Buhumuza, na ramani nyingi bado zinaonyesha mambo ya zamani.

Kuna jambo moja nalisema kwa uzito. Tusichore mipaka ya mashamba. Sote tunajua kesi za ardhi zilivyojaa mahakamani, na ndugu waliogombana kwa ajili ya upana wa jembe. Mstari uliochorwa na kijana kwenye simu usije ukageuzwa ushahidi wa kumnyang'anya mjane shamba lake. Tuandike chemchemi, makorongo, mitaro, vitalu vya miche na madaraja yaliyovunjika. Majina ya wenye mashamba na namba zao za simu zisiingie kabisa. Na kabla ya yote mkuu wa kilima na wazee waelezwe, waone karatasi yenyewe, waulize wanachotaka kuuliza.

Hapa Mutoyi watu walishajifunza kushirikiana katika vyama vya ushirika vya wakulima. Hili haliwezi kutushinda. Kila kilima kichague wawili: kijana anayeijua simu, na mama mkulima anayejua maji hupita wapi mvua ikinyesha usiku. Waende pamoja, kwa sababu kijana peke yake atachora barabara tu. Mutoyi tuanze na vijito vinavyoshuka Ruvubu. Karuzi waonyeshe makorongo, Muyinga waonyeshe udongo unakotua. Kila korongo lipigwe picha kabla ya mvua na baada ya mvua, kutoka mahali palepale.

Walimu wenye chumba chenye umeme watuazime kwa saa chache, tuchaji simu za kuchorea. Na Jumamosi ijayo, majembe yakishawekwa chini, tusitawanyike upesi: tubaki tuwachague wale wawili.