Pugu ni Paa la Dar es Salaam, na Sisi Ndio Tunaoliezua

Kila msimu wa mvua kubwa, Dar es Salaam hurudia kisa kilekile kana kwamba jiji hili halina kumbukumbu. Maji hujaa Jangwani, Barabara ya Morogoro hufungwa, mabasi ya mwendokasi husimama, na mkazi wa Magomeni anayefanya kazi Kariakoo hulazimika kulizunguka jiji zima ili avuke bonde ambalo siku nyingine hulivuka kwa dakika chache. Kisha kiongozi fulani husimama mbele ya kamera, miguuni kavaa buti za mpira, na kutamka hukumu ambayo sote tumeikariri: waliojenga mabondeni waondoke. Wiki mbili baadaye jua huwaka, tope hukauka, na hukumu husahauliwa mpaka msimu ujao.

Ndugu msomaji, sikusudii kumtetea anayejenga ndani ya mkondo wa mto. Nakusudia kuuliza swali ambalo katika mjadala huu huulizwa kwa sauti ya chini mno: maji yale, pamoja na mchanga unaokuja nayo, yanatoka wapi?

Sehemu kubwa ya jibu iko Pugu. Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, upande wa Kisarawe, kusini-magharibi mwa jiji. Hushuka kupitia Kinyerezi, Vingunguti na Kigogo, ukatanuka Jangwani, kisha ukamwaga maji yake baharini penye Daraja la Salender. Vilima vyenyewe si virefu. Kilele chake kinazidi kidogo tu mita 300 juu ya usawa wa bahari. Kwa mtu aliyezaliwa chini ya Uluguru au Kilimanjaro, Pugu ni kichuguu. Lakini kwa jiji lililolala karibu na usawa wa bahari, kichuguu hicho ndicho paa. Na nyumba iliyoezuliwa paa haiwezi kuokolewa kwa kuwalaumu waliolala sakafuni.

Hoja yangu ni hii: tumegeuza mafuriko ya Dar es Salaam kuwa kosa la maskini wa bondeni, ilhali sehemu muhimu ya chanzo chake iko kilimani, na kilimani pale mharibifu mkuu si mnyonge mwenye panga bali ni jiji lenyewe, yaani mimi na wewe.

Tuanze na historia, maana Pugu si pori lisilo na jina. Ni ardhi ya Wazaramo, na walipoishi Wazaramo ndipo wageni walipopatamani. Mwaka 1888 wamisionari Wabenediktini kutoka Ujerumani walianzisha misheni yao Pugu. Januari 1889, wakati pwani nzima ilipokuwa imewaka moto wa vita vinavyokumbukwa kwa jina la Abushiri, misheni hiyo ilishambuliwa. Wamisionari watatu waliuawa na wengine wakatekwa. Miaka michache baadaye ilikuja reli ya kati, iliyoanza kujengwa kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Morogoro mwaka 1907, ikipitia vilima hivyohivyo. Tangu hapo Pugu imekuwa mlango wa jiji kwa upande wa bara.

Kisha akaja mwalimu. Julius Nyerere aliporudi kutoka Edinburgh mwaka 1952, alikwenda kufundisha katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, ambacho leo ni Shule ya Sekondari Pugu. Alipochaguliwa kuwa rais wa TAA mwaka 1953, na TANU ilipozaliwa tarehe 7 Julai 1954, alikuwa bado mwalimu wa pale. Wazee wa TANU wameeleza mara nyingi jinsi alivyokuwa akishuka kutoka Pugu kuja mjini kwa ajili ya mikutano, wakati mwingine kwa miguu, kisha akarudi kushika chaki. Machi 1955 aliacha kazi hiyo ili autumikie uhuru. Kwa hiyo njia ya kutoka Pugu hadi Kariakoo ni sehemu ya historia ya taifa hili. Tunaitaja katika hotuba kila Oktoba. Msitu uliokuwa kando ya njia hiyo hatuutaji.

Msitu huo nao una sifa zake, ambazo wanafunzi wangu wengi, vijana waliozaliwa na kukulia Dar es Salaam, hawajawahi kuzisikia. Pugu na jirani yake Kazimzumbwi ni mabaki ya misitu ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki, iliyowahi kuwa mikubwa na ambayo sasa imebaki vipande vipande. Humo anaishi komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku anayetoshea kiganjani, anayepatikana Tanzania peke yake na katika misitu michache tu. Ipo mimea ambayo wanasayansi wameipa jina la kilima hiki, kama vile Baphia puguensis na Millettia puguensis. Yapo pia mapango yaliyochimbwa kwa ajili ya udongo mweupe wa kaolini, ambayo leo ni makazi ya popo. Taifa lolote lenye utajiri wa namna hii umbali wa safari ya daladala kutoka mji wake mkubwa kuliko yote lingewapeleka watoto wake wote wa shule kuuona. Sisi tumepeleka takataka: dampo kuu la jiji liko Pugu Kinyamwezi.

Naomba nisieleweke vibaya. Serikali haikukaa kimya. Misitu hii ilihifadhiwa kisheria tangu enzi ya ukoloni, na mwaka 2020 Pugu na Kazimzumbwi iliunganishwa na kupandishwa hadhi kuwa hifadhi ya mazingira asilia, yenye zaidi ya hekta 7,000. Hatua hiyo naipongeza bila kinyongo. Lakini mpaka wa msitu ukichorwa katika ramani hauzuii shoka. Kinachozuia shoka ni kuondoa sababu ya kulishika.

Sababu hiyo ni mkaa. Kwa miaka mingi imekadiriwa kwamba Dar es Salaam peke yake hutumia karibu nusu ya mkaa wote wa nchi hii. Mwaka 2010 watafiti waliofuatilia biashara ya mbao na mkaa kati ya mwaka 1991 na 2005 walichapisha matokeo yanayopaswa kufundishwa katika kila shule ya jiji hili: uharibifu wa misitu huenea kutoka Dar es Salaam kama wimbi. Kwanza huondolewa miti ya mbao za thamani, halafu ya mbao za kawaida, na mwisho hufuata tanuri la mkaa linalochukua kilichobaki. Wimbi likishapita, huacha vichaka. Pugu, iliyo karibu na chanzo cha wimbi kuliko misitu mingi, ilipigwa mapema.

Sasa tufuate tone la mvua. Likianguka juu ya msitu, hupokewa na majani, hudondoka taratibu juu ya tabaka la majani yaliyooza, na mizizi hulifungulia njia ya kuingia ardhini. Likianguka juu ya shamba lililo wazi au kiwanja kilichosafishwa kwa tingatinga, huteremka mbio, na haliteremki peke yake, hubeba udongo. Udongo huo hufika Jangwani, mahali ambapo bonde ni tambarare na maji hupunguza kasi, ukatua. Mwaka baada ya mwaka kina cha mto hupungua, na mto usio na kina hutafuta nafasi pembeni, yaani ndani ya nyumba za watu. Tunachimba mchanga Jangwani kwa fedha nyingi, halafu kilima kinatuletea mwingine.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao zina uzito. Watasema kwamba hata msitu mnene hauwezi kuzuia mvua kama ile ya Desemba 2011, iliyoua watu takriban 40 na kusababisha mamia ya familia kuhamishiwa Mabwepande. Ni kweli, paa zima nalo huvuja katika tufani. Watasema pia kwamba kati ya Pugu na Jangwani kuna mabati, lami na saruji tele, na kwamba mifereji imezibwa kwa plastiki. Hilo nalo ni kweli. Sidai kwamba miti peke yake itatuokoa. Ninachodai ni kwamba kila tunachofanya chini kitakuwa ghali zaidi, na kitadumu muda mfupi zaidi, ikiwa juu tunaendelea kuezua.

Tazama jinsi tunavyogawa adhabu. Mwishoni mwa mwaka 2015 nyumba za bonde la Msimbazi zilichorwa alama ya X kwa rangi nyekundu, kisha matingatinga yakaingia. Anayekamatwa na gunia la mkaa juu ya baiskeli hunyang'anywa gunia, na wakati mwingine baiskeli pia. Mwaka 2006 serikali ilipiga marufuku mkaa nchi nzima, bei ikapanda, na marufuku hayo hayakudumu. Je, ni nani ameona alama ya X juu ya ukuta wa jumba la kifahari lililojengwa mteremkoni upande wa Pugu? Ni nani amemsikia dalali wa viwanja akiulizwa maji ya kiwanja chake yataelekea wapi? Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisi tumechukua nusu ya kwanza ya methali tukaishia hapo.

Nami sijitoi. Jikoni kwangu upo mtungi wa gesi, na nje ya jiko lipo gunia la mkaa, kwa sababu maharage hupikwa kwa saa nyingi na gesi ni ghali. Nina shahada ya uzamivu, nina mshahara wa kila mwezi, na bado nimeshindwa kuachana na mkaa. Kwa mamlaka gani basi nimlaumu mama lishe wa Vingunguti?

Tumtazame huyo mama lishe kwa makini, kwa kuwa ndiye anayeshika ufunguo wa msitu kuliko askari wa misitu. Yeye hununua mkaa kwa kopo. Leo ana fedha ya makopo mawili, atanunua mawili. Kesho ana ya moja, atanunua moja. Gesi huuzwa kwa mtungi, na mtungi hautambui siku mbaya ya biashara. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, umelenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo mwaka 2034. Lengo ni zuri. Lakini kumgawia mtu mtungi mmoja mbele ya kamera hakumsaidii siku utakapokwisha. Atakayeuza gesi kwa kipimo cha kopo ndiye atakayeshindana na mkaa.

Na hapa ndipo penye jambo linaloniudhi kuliko yote. Gesi asilia yetu, kutoka Songo Songo na Mtwara, tayari imefika chini ya Pugu. Inafika Kinyerezi kwa bomba kuzalisha umeme. Mitambo inaunguruma, na mitaa michache tu kutoka hapo watu wanapepea majiko ya mkaa uliotoka porini. Nchi iliyoweza kuleta bomba kutoka Mtwara hadi Kinyerezi haiwezi kuniambia kwamba imeshindwa kulifikisha jikoni mwa Kinyerezi. Inashindwa kwa sababu haijaona kwamba jiko hilo na daraja la Jangwani ni suala moja.

Nipendekeze, basi, mambo matatu. Kwanza, mradi wa kuendeleza Bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia iliuidhinishia mkopo wa dola milioni 200 mwaka 2022, upimwe na wananchi kwa kuangalia kilimani pia. Tuuliziwe daraja na mabwawa, lakini tuonyeshwe kila mwaka ni hekta ngapi za Pugu zimefunikwa tena. Pili, bomba la gesi la majumbani lianzie kata zinazopakana na msitu, si mitaa ya wenye uwezo. Tatu, vijiji vya Kisarawe vinavyopakana na hifadhi vilipwe sehemu halali ya mapato yake. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inatambua usimamizi shirikishi. Mlinzi mwenye njaa si mlinzi.

Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Dar es Salaam inajenga ukuta sasa hivi, Jangwani, kwa fedha za mkopo ambazo watoto wetu watazilipa. Ufa uko Pugu, na ungali unazibika. Mvua itakaporudi, na kiongozi wetu akavaa tena buti zake za mpira, namsihi asiishie bondeni. Apande daladala za Gongo la Mboto, aendelee mbele mpaka njia ianze kupanda, ashuke, na aitoe hotuba yake huko.